Transfoma Isiyobadili Kitu

Onesmus Muthama alipiga magoti mbele ya ukuta uliojaa masizi, akalowesha kidole kwa mate, akafuta juu ya soketi. Kitone chekundu kikajitokeza. Akajikokota kwa magoti hadi soketi ya pili karibu na mlango, akafuta tena. Kitone cha buluu.

"Rangi ya kucha," alisema Japheth, dereva wa nyumba hiyo, akizungusha funguo kidoleni. "Madam mwenyewe alipaka. Nyumba hizi kuukuu za Jeddah zina umeme wa aina mbili, na matundu ya soketi ni yale yale, yanameza plagi yoyote. Nyekundu ni mia mbili ishirini. Buluu ni mia na kumi. Ukikosea, kitu chako kwaheri."

"Na Shiro alijua?"

"Shiro ndiye alinifundisha mimi. Nilichoma chaja ya simu siku yangu ya kwanza, akanicheka wiki nzima."

Sebule ya wageni ilinuka pamba iliyoungua na udi. Mapazia yalikuwa yamebaki pete tu kwenye fimbo. Chini ya soketi nyekundu, juu ya kipande cha zulia kilichoganda kama lami, lilikuwapo bonge la chuma na plastiki ambalo Alhamisi alasiri lilikuwa chetezo cha umeme, cha kufukizia udi. Onesmus alilipindua kwa kalamu. Upande wa chini, ambako kiwanda huandika nguvu ya umeme, ulikuwa umeyeyuka wote.

Kwa miaka mingi alikuwa mpelelezi wa polisi Eldoret. Sasa alikuwa mkaguzi wa madai wa kampuni ya bima iliyokuwa na ofisi Riyadh, na bosi wake alikuwa amempigia mara mbili asubuhi hiyo ya Jumamosi akitaka neno moja tu: kijakazi. Madam Nawal, mwenye nyumba, alikuwa ameshalisema kwa polisi. Shiro, kijakazi huyo, alinyimwa ruhusa ya kwenda kwao Kenya, Shiro alikasirika, Shiro akachukua chetezo cha mia na kumi, akakichomeka kwenye nyekundu kwa makusudi. Mama mzazi wa madam alikuwa amesinzia kwenye kochi. Alitolewa hai, lakini mapafu yamejaa moshi. Duka lililouza chetezo lilikuwa limejibu polisi kwa mstari mmoja: vyetezo vyetu vyote ni vya volti mia na kumi, na katalogi yetu inasema hivyo.

Kesho asubuhi Kapteni Turki wa polisi angepeleka faili kwa mwendesha mashtaka. Likishafika huko, Shiro angehesabiwa mchomaji wa nyumba, na mtu wa kulirudisha nyuma hayupo.

"Nipeleke hospitali," Onesmus alisema.

"Yalla," Japheth akajibu, tayari yuko kwenye ngazi.

Shiro alikuwa amelala mkono wa kulia ukiwa umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Askari wa kike aliketi mlangoni. Onesmus alivuta kiti akaketi bila salamu ndefu.

"Mimi natoka bima. Sikuletei wakili wala pole. Nakuuliza, unajibu. Uligombana na madam?"

"Niligombana. Sitakudanganya, uncle. Alikataa niende nyumbani Desemba. Nililia, nikagonga sufuria kwa sinki mpaka mpini ukatoka. Andika hiyo pia."

"Ulichomeka chetezo wapi?"

"Kwa nyekundu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni cha mia mbili ishirini!" Alijaribu kuinuka, uchungu ukamrudisha. "Kilikuwa kipya. Madam aliagiza kwa mtandao, kikaletwa Alhamisi hiyo hiyo. Nilisoma boksi kwanza. Mimi husoma kila kitu kwanza, ndio maana wananiita mwalimu huku. Kama sijui kusoma namba, basi nirudishe nursery."

"Wapo watu wanaochoma nyumba halafu wanaingia tena kujifanya waokozi."

"Basi hao ni wajinga. Uncle, nilimvuta cucu, mama yake madam, kwa mabega, pazia likanidondokea hapa. Ningetaka kumchoma madam, si ningengoja madam awe ndani?"

Onesmus hakutabasamu, ila aliifunga kalamu. "Boksi liko wapi?"

"Kwa room yangu. Nimeweka rasta zangu za kusukia ndani. Lilikuwa boksi zuri, singetupa."

Chumba cha Shiro kilikuwa nyuma ya jikoni, na moto haukukifikia. Japheth alimwaga rasta kitandani kwa adabu, kama anayeshika nywele za mtu zikiwa bado kichwani. Upande wa boksi palikuwa na lebo nyeupe yenye nembo ya duka: chetezo cha umeme, rangi ya dhahabu, kikubwa, volti 220.

Ilikuwa imebandikwa mshazari kidogo. Ukingo mmoja wa lebo ulificha nusu ya duara lililochapishwa na kiwanda.

"Weka nje, juu ya boneti," Onesmus alisema.

"Kwa jua hili?"

"Kwa jua hili hili."

Jua la Jeddah lilifanya kazi yake. Kabla Japheth hajamaliza chupa yake ya maji, gundi ilikuwa imelegea, na Onesmus akaivua lebo taratibu kama anayevua soksi ya mtoto. Chini yake, kwa wino wa kiwanda, palisomeka: 110.

Japheth alipiga mluzi. "Halas, kwisha! Duka limewadanganya."

"Au mtu amebandika baadaye."

Kapteni Turki naye aliwaza hivyo hivyo. Alisikiliza kwenye simu mpaka mwisho, kisha akajibu kwa Kiarabu cha pole pole, kama anayemwonea huruma: "Bwana Onesmus, lebo huchapishwa na yeyote mwenye mashine. Msichana alikuwa na boksi chumbani kwake. Mimi nimefungua katalogi ya duka kwa macho yangu. Inasema mia na kumi. Niletee kitu ambacho duka lenyewe halitaweza kukikana. Nitakungoja hadi asubuhi."

Onesmus alikata tiketi ya ndege ya kwanza ya Riyadh.

Ofisi ya duka hilo ilikuwa mtaa wa Batha, ghorofa ya pili, juu ya msururu wa maduka ya simu na ya kutuma pesa, mahali ambapo mtu husikia lugha za nusu ya dunia kabla hajavuka barabara. Ghala lilikuwa uani. Aliyempokea alikuwa Mkenya, Hillary Kiptoo, msimamizi wa mauzo na ghala, mtu mnene mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na kicheko kilichotangulia kila sentensi.

"Karibu mzee, karibu! Chai? Kahawa? Nimesikia habari ya yule dada yetu. Inauma. Lakini sasa tufanyeje?" Aligeuza skrini. "Ona mwenyewe. Chetezo, dhahabu, kikubwa. Volti: mia na kumi. Fedha, kikubwa: mia na kumi. Vidogo navyo: mia na kumi. Siku zote."

Onesmus aliweka lebo mezani. Hillary aliitazama, na kwa mara ya kwanza kicheko kilichelewa.

"Hii? Eh, mzee, si unajua Karantina. Kule Jeddah kuna watu wanakusanya mabaki ya maboksi, wanachapisha lebo, wanauza bidhaa mbovu kwa jina la watu. Dada huenda alivunja kile cha kwetu akanunua kingine huko kimya kimya. Akaogopa kusema."

Ilikuwa hadithi nzuri. Ilielezea lebo, ilielezea mshazari wake, ilielezea hata kwa nini boksi lilifichwa chumbani. Onesmus aliigeuza huku na huku asione tundu. Akanywa chai yake. Dirishani adhana ya alasiri ilianza msikiti mmoja, ikadakwa na wa pili.

"Tuseme basi," alisema, akivaa kofia kana kwamba anaondoka, "mimi nimenunua chetezo hiki chako cha mia na kumi, na nyumba yangu ni mpya, ina mia mbili ishirini tupu. Nifanyeje?"

Kicheko kikarudi. Hillary alikuwa muuzaji hadi kwenye mifupa. "Rahisi! Unachukua transfoma. Unachomeka ukutani, inapunguza umeme, chetezo chako kinakula polepole. Hii hapa, ndiyo inayouzwa zaidi." Akabofya.

Onesmus aliinama akasoma. Alisoma tena.

Transfoma ya kupunguza umeme. Volti inayoingia: 110. Volti inayotoka: 110.

"Nzuri sana," alisema. "Inaingiza mia na kumi, inatoa mia na kumi. Hiyo haina kazi hata ya kushikilia mlango."

Hillary aligeuka kwenye skrini. Midomo yake ilisoma kimya. "Ni... kosa dogo tu la kuandika."

"Fungua friji."

"Mzee..."

"Fungua friji, Hillary."

Friji: 110. Birika: 110. Kiyoyozi kikubwa cha ukutani, ambacho kwa mia na kumi kisingetoa hata upepo wa kupuliza chai: 110. Katika duka zima hapakuwa na kitu kilichokula mia mbili ishirini.

"Nani anashika katalogi hii?"

"Kijana mmoja, Ian. Lakini hayupo. Ni mgonjwa. Tangu Alhamisi jioni."

"Anaishi wapi?"

"Sijui vizuri."

Mlinzi wa geti alijua vizuri. Ian Wafula aliishi barabara mbili kutoka pale, chumba cha watu wanne, na alipatikana na afya ya ng'ombe dume, akipiga pasi suruali ya kwenda ibadani. Alikuwa na miaka ishirini na kitu na mabega ya mtu anayejua thamani yake.

"Mgonjwa? Mimi? Hillary ndiye aliniambia nipumzike hadi Jumapili," alisema njiani, akitembea haraka hadi Onesmus akalazimika kukaza mwendo. "Na tafadhali usiseme nashika katalogi. Mimi nimeijenga. Nilipofika, kila kitu kilikuwa kwenye faili moja refu kama mkia. Mmoja anaandika '220', mwingine 'V 220', mwingine 'mbili ishirini'. Mteja akitafuta, hapati. Nikaipasua yote nikaipanga upya."

"Ulipangaje? Niambie kama unavyomwambia mama yako."

"Mama yangu angeelewa haraka." Alicheka. "Majedwali manne. La kwanza ni bidhaa: chetezo, friji, birika. La pili ni sifa: rangi, ukubwa, volti. La tatu ni thamani zenyewe: dhahabu, kikubwa, 220, 110. La nne ni la kuunganisha tu, linasema bidhaa hii, kwa sifa hii, ina thamani ile. Sasa sikiliza uzuri wake. Namba 220 imeandikwa mara moja tu katika duka zima. Friji haijaandikwa 220. Friji inainyooshea kidole. Birika linainyooshea kidole."

Onesmus alisimama katikati ya njia. Mwenye mkokoteni akamfokea kwa Kibengali. "Na mtu akienda pale ilipoandikwa mara moja, akafuta 220, akaandika 110?"

"Vyote vilivyoinyooshea kidole vinageuka mara moja. Lakini nani mwenda wazimu atafanya hivyo? Ukitaka kubadili bidhaa moja, unahamisha kidole chake kule kwenye jedwali la nne. Moja moja. Nilimfundisha hata Hillary."

"Njoo uone mwenda wazimu."

Ian aliingia ofisini, akaketi bila kuomba kiti, akapitisha macho kwenye skrini. Shingo yake ilivimba.

"Hapana. Hapana, hapana! Friji mia na kumi? Kiyoyozi? Nani ameshika jedwali langu?"

"Labda ni mtandao, mdogo wangu," Hillary alisema akiwa dirishani. "Jana mtandao ulikuwa unasumbua."

"Mtandao hauna mikono!" Ian alifungua jedwali la tatu. Kwenye orodha ya volti palikuwa na mistari miwili, yote miwili ikisema 110. "Ona! Ona ujinga huu! Mia na kumi mbili, kama mapacha. Mtu ameifuta 220 akaandika juu yake. Ijumaa. Mimi Ijumaa nilikuwa nafua!"

Onesmus alivuta kiti akaketi kati ya wale wawili. Sauti yake ilishuka.

"Twende polepole. Alhamisi alasiri chetezo kinawaka Jeddah, na jioni polisi wanawauliza. Ijumaa, ofisi imefungwa, mtu anakuja hapa kwa haraka kufuta 220. Kwa nini? Kama vyetezo vilikuwa mia na kumi siku zote, hakuna cha kufuta. Mtu hufuta kilichopo. Alhamisi, vyetezo katika katalogi hii vilisema 220, na mashine ya lebo ilichapisha kile katalogi ilichosema. Kweli, Ian?"

"Mashine haina akili yake. Inasoma jedwali."

"Na aliyefuta si wewe. Wewe ungehamisha vidole vya vyetezo, moja moja, na friji ingebaki friji. Huyu alikuwa na hofu, akaona njia ya mkato, neno moja badala ya kazi ndefu. Hakukumbuka nani mwingine ananyooshea neno lile kidole."

Hillary alikuwa ameacha kucheka kabisa. "Haya ni maneno matupu. Mfumo ni wa Ian. Funguo ni za Ian. Hata mimi naweza kusema ni yeye, na bosi ataamini nani?"

Ian aligeuka pole pole. "Umesema nini?"

"Nimesema fikiria. Kibali chako cha kukaa, ikama, kinaisha lini? Nani huenda kwa kafili, mdhamini wako, kukuombea? Nani alikupokea uwanja wa ndege ukiwa na begi limefungwa kamba?"

"Wewe."

"Basi."

Onesmus hakumsukuma kijana. Alitoa simu, akaiweka mezani, picha ya Shiro kitandani, mkono kwenye bandeji, ikimtazama Ian.

"Alimtoa ajuza motoni, na kesho asubuhi faili lake linaondoka. Polisi wanamwita mwongo kwa sababu alisoma lebo ya katalogi yako na akaiamini," alisema. "Sina la kuongeza."

Ian aliitazama picha. Kisha akatazama ile mistari miwili pacha kwenye skrini, na ikawa vigumu kujua ni kipi kati ya picha na mistari hiyo kilichomchoma zaidi.

"Kila usiku katalogi inajinakili," alisema, akianza kuandika kwa vidole vilivyogonga kama mvua juu ya bati. "Nakala inakaa kwenye seva nyingine. Hillary hana ufunguo wake. Bosi mwenyewe hana, mpaka aniombe." Akafungua nakala ya Alhamisi. Vyetezo vyote, vya dhahabu na vya fedha, vikubwa na vidogo, vilinyooshea kidole 220. Akafungua ya mwezi uliotangulia. Vyote vilinyooshea 110. "Vimehamishwa kimoja kimoja. Vizuri kabisa, nilivyokufundisha, kaka. Halafu Ijumaa ukashindwa na mstari mmoja!"

Hillary aliketi juu ya boksi. Uso ulikuwa umelowa.

"Kontena zima," alisema. "Niliagiza kontena zima la mia na kumi. Nyumba mpya zote ni mia mbili ishirini, nani angenunua? Nilijua kesi ya kontena ingeniangukia. Nilidhani waya wa ndani ungekatika tu, mteja arudishe, tumpe kingine. Watu hawafi kwa chetezo."

"Ukawanyima hata lebo ya ukweli," Onesmus alisema.

Alimpigia Kapteni Turki, akamsomea nakala mbili, moja baada ya nyingine. Kapteni akauliza: "Nani atasimama mbele yangu aseme nakala hizo ni za kweli? Mashine haiwezi kuapa."

Onesmus alifunika simu kwa kiganja. "Anataka mtu, Ian. Si karatasi. Ukienda, hutarudi kwenye kiti hiki. Nami sina ikama ya kukupa."

"Mdogo wangu," Hillary alisema kutoka kwenye boksi lake, sauti imekwaruza. "Mimi ndiye nilikupa kitanda."

Ian alichomoa diski yenye nakala, akaitia mfukoni mwa suruali iliyopigwa pasi. "Na mimi nilikupa jedwali safi, Hillary. Ukalitumia kumchoma ajuza." Akamgeukia Onesmus. "Mwambie nakuja. Jina ni Wafula, asije akaliandika vibaya."

Kapteni aliliandika. Akasema faili lingebaki juu ya meza yake, na askari wa mlangoni kwa Shiro angeondolewa jioni hiyo hiyo. Onesmus alishukuru, akakata simu, na mara hiyo hiyo akaipiga tena hospitali, lakini muuguzi akasema mgonjwa amelala, na kwamba huo ndio usingizi wake wa kwanza tangu aletwe.

Kwenye teksi ya kwenda uwanja wa ndege, Ian hakutulia. Alikuwa na kompyuta mapajani na simu sikioni, akipita kwenye majina ya walionunua vyetezo, akipiga, akikata, akipiga tena. Kiarabu chake kilikuwa cha ghala: kisicho na sarufi, chenye nguvu. Madam mmoja alimkatia. Mwingine alidhani anauziwa kitu. Barabara ya kutoka mjini ilikuwa imejaa magari hadi pomoni, na jua lilikuwa linazama nyuma ya minara ya vioo.

Kisha mtu akapokea kwa Kiswahili.

"Hallo? Madam hayupo. Mimi ni mfanyakazi."

Ian aliketi wima. "Dada, wewe ni wa wapi?"

"Kitui. Wewe nani?"

"Sikiliza. Kuna chetezo cha umeme mlinunua, cha fedha. Kiko wapi?"

"Kiko hapa mbele yangu. Si wageni wanakuja? Nimekiwasha sasa hivi. Mbona kinanguruma?"

"Shika waya wake, si chenyewe. Chomoa."

"Madam alisema nyumba inukie kabla..."

"Chomoa, dada! Chomoa kwanza, utaniuliza baadaye!"

Dereva alitazama kwenye kioo. Onesmus aliinama karibu na simu. Kikasikika kitu kikiburutwa sakafuni, mlio mfupi, kisha kimya. Ian alikuwa amefumba macho.

"Nimechomoa," ile sauti ikasema. "Ukuta umekuwa mweusi."

Ian akateremsha kidole hadi jina lililofuata, akapiga.